Mizani Inayoita Majina

Jumatatu, 14 Julai

Mvua tangu asubuhi. Gambuti la kushoto linavuja. Soksi imeloa, lakini moyo wangu, mimi Eliakim Ouko, karani wa kupima majani ya chai katika kituo chetu huku juu ya Litein, unawaka moto.

Habari yenyewe ni hii. Madam Molly, meneja wa kiwanda, amesema wazi kwamba mwisho wa mwezi karani mmoja ataandikwa kazi ya kudumu na mwingine ataenda zake. Makarani tuko wawili, mimi na Kebaso. Nyumba ninayolala na mke wangu Dolphine ni ya kiwanda, kwa hiyo kazi ikienda, na paa linaenda. Wakurugenzi watakuja kituoni Jumamosi kuona kila mmoja wetu amebuni nini.

Kebaso atabuni nini? Kebaso anapiga pasi shati la kazini. Anafuta mizani kwa kitambaa. Anawaamkia wakulima kwa Kikipsigis, ati chamgei, na yeye ni Mkisii! Kujipendekeza kutupu.

Mimi nina akili. Ile programu niliyoitengeneza mwenyewe kwenye simu, ya kupokea uzito kutoka kwa mizani, sasa naiongezea vitu. Kamera itamtambua mkulima kwa uso. Tochi itawaka. Spika itamkaribisha kwa jina. Mizani, ambayo itakuwa imefungwa, itafunguka yenyewe. Kisha kamera itaskani majani na kusema kama ni safi au ni takataka. Karani atakaa kando na kikombe chake cha chai, kama mtu wa maana.

Sauti nimeirekodi mchana ndani ya choo cha kituo, kwa sababu kina mwangwi. Karibu, weka majani. Karibu, weka majani. Nilirudia mpaka mama mmoja aliyekuwa nje akauliza kama niko salama. Nasikika kama askofu.

Kilichobaki ni nyuso. Kwenda nyumba kwa nyumba na kamera kwenye matope haya? Eliakim? Thubutu! Nimetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kituo: kila nyumba itume picha nzuri ya mwenye namba ya majani, ile wanayopimia na kulipwa, uso ukionekana vizuri. Dolphine ameuliza kwa nini nisiwapige picha wakija kupima. Nimemwambia mambo ya mitambo awaachie wenyewe. Amesema sawa, akanipa ugali na mboga kidogo.

Jumanne, 15 Julai

Picha zimemiminika! Sikujua wakulima wa mlima huu ni watanashati hivi. Suti! Tai! Akina mama na vitambaa vya kichwa vya Jumapili! Wengi wamewekewa maua kwenye kona, na mmoja ana mshumaa pembeni. Nikadhani ni urembo wa simu za siku hizi. Nyingine ni picha zilizopigwa juu ya picha, fremu ukutani na mwanga wa dirisha kwenye kioo. Haidhuru. Uso ni uso.

Sikuzitazama moja moja. Nani ana muda? Nilizimwaga zote kwa mkupuo, programu ikazimeza, ikasema imezipokea. Kisha nikarudi chooni kurekodi majina ya wenye namba, moja baada ya jingine, mpaka koo likakauka.

Kebaso alipita nyuma yangu, akatupa jicho kwenye skrini. Halafu akaniuliza taratibu kama nimeziangalia hizo picha. Nikamwambia aachane na kazi ya watu. Akasema basi, akaenda kufuta mizani.

Simu nimeifunga kwenye nguzo juu ya mizani, na itakuwa inalala hapo hapo kwenye chaji. Kamera inatazama mlango wa banda na michai iliyo ng'ambo ya barabara. Kesho majaribio. Nimemwambia Dolphine ajiandae kuwa mke wa mkubwa. Ameniuliza mkubwa gani.

Jumatano, 16 Julai

Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa komeo.

Nilifika kituoni kabla ya watu wote. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Michai ilionekana safu ya kwanza tu, zilizobaki zimemezwa. Nikawasha programu, nikageuka kumimina chai kutoka kwa thamosi.

Tochi ikawaka yenyewe.

Sauti yangu ikasema, "Karibu, Chepyegon. Weka majani." Mizani ikalia ta! ikafunguka. Nikageuka na tabasamu la kumpokea mkulima, nikakuta hakuna mkulima. Mlango ulikuwa wazi, ukungu unaingia polepole, na ndoano ya mizani inayumba kama kitu kimetundikwa juu yake. Kipimo kikapanda kidogo, kikasimama, kikarudi sufuri. Upepo huo, nikajiambia. Lakini hakuna hata jani lililokuwa likitikisika.

Halafu watu wakaja na magunia yao, na programu ikawakataa karibu wote! Tochi iliwaka kwa wawili watatu tu. Foleni ikafika barabarani. Kogo Esnah, bibi mpole ambaye huleta majani machache lakini safi kuliko ya kijana yeyote, alisimama mbele ya kamera akakaza uso kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kimya. Namba anayopimia ni ile ile iliyoitwa asubuhi, ya Chepyegon. Nikamuuliza huyo ni nani. Akasema ni bwanake. Nikamwambia, kwa ukali kidogo, basi bwanake aje mwenyewe.

"Huyo alikufa, kijana yangu," akasema. "Ule mwaka wa mvua ya mawe. Tulimzika hapo chini kwa mikaratusi. Wewe uliuliza picha ya mwenye namba, sisi tukakupea."

Baridi ikanishika kutoka kisogoni hadi kwenye soksi. Na si jambo la siri! Kila mtu huku analijua, hata mimi nalijua! Mzee akifa, namba yake ya majani haizikwi naye. Kesi ya mirathi inakokotwa miaka na miaka, watoto wanagombana, na mjane anaendelea kuchuma na kupima kwa jina la mzee. Karibu kituo chetu kizima kinaleta majani kwa majina ya watu walio chini ya udongo. Nami nikaomba picha za wenye namba, nikaletewa. Yale maua! Ule mshumaa! Ni vijitabu vya mazishi!

Kogo akauliza kama kweli mashine ilimwita Chepyegon. Nikasema ilimwita, lakini ni kosa la mashine. Akauliza ilikuwa wakati gani. Nikasema kabla ya watu wote. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema ndiyo, ni yeye, hakupenda foleni hata kidogo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimewaza kuwafuta marehemu. Lakini nikiwafuta, nabaki na nyuso chache sana za kuonyesha wakurugenzi. Nitawaonyesha nini, choo? Kebaso ameshapiga pasi shati la Jumamosi, nimeliona likining'inia dirishani kwake.

Jawabu lilinijia nikinyoa ndevu. Mashine inataka uso wa marehemu? Basi iletewe uso wa marehemu. Kwa simu ya Dolphine nikatuma ujumbe kwenye kundi: kila mmoja aje na picha ya mwenye namba, na akifika kwenye mizani aishike mbele ya uso wake.

Imefanya kazi! Vizuri mno!

Lakini sikupenda nilichokiona. Ukungu, foleni ndefu, na mahali pa nyuso za watu, fremu. Wazee wa suti wananitazama bila kupepesa, na chini wana aproni za plastiki na gambuti zenye matope. Kwa kawaida foleni ya majani ni kelele tupu, siasa, mbolea, nani amekanyaga gunia la nani. Leo hakuna aliyenong'ona. Fremu inafika mbele, tochi inamulika kioo, sauti yangu inaita jina, mizani inalia ta! Mama mmoja alisikia jina la mamake, akaitika, kisha akafuta macho kwa kona ya leso. Dereva mmoja wa trekta, jitu la mabega, aliomba apime tena na gunia lake lilikuwa tupu tayari.

Kogo Esnah alikuja na sweta la kanisani. Aliishika picha kwa mikono miwili. Sauti yangu ilipoita, alibaki amesimama hapo, hakuweka majani wala hakuondoka. Aliniambia tangu mazishi hakuna mtu amemtaja kwa jina mbele ya watu. Wanasema tu marehemu, au yule mzee wako. Nikageukia nguzo. Mimi, Eliakim! Nikajifanya narekebisha tochi.

Kebaso amenivuta kando. Amesema huu si mchezo, na kwamba kwao mtu haiti majina ya waliolala kama hana jambo la kuwaambia. Wivu huo. Nimemwona hata akisahau kitambaa chake juu ya mizani.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikwenda mapema zaidi kwa ajili ya mazoezi. Afadhali ningelala.

Sikuwa nimefika mlangoni niliposikia sauti yangu ndani ya banda. Mimi niko nje, mdomo umefungwa, na mimi niko ndani naongea. Jina moja, ta! Jina lingine, ta! Bila haraka, kwa zamu, kama foleni inayosonga. Mwanga wa tochi ulikuwa ukiwaka na kuzima kwenye nyufa za mbao. Nilisimama kwenye matope, nimekumbatia thamosi, mpaka kukanyamaza.

Ndani hapakuwa na mtu. Lakini juu ya meza ya kuchambulia palikuwa na majani. Machache, mabichi, yana umande bado, na yote ni majani mawili na chipukizi, hakuna hata moja lililokomaa. Hakuna anayechuma hivyo siku hizi. Programu ilikuwa imeshayaskani. Skrini ilisema: SAFI.

Nikarudi nyuma hadi mlangoni. Kisha akili ikanirudia. Kebaso! Nani mwingine ana ufunguo? Anajificha kwenye michai na picha za watu, anaziinua moja moja ili niaibike mbele ya wakurugenzi. Ndiyo maana jana alisahau hata kitambaa chake. Mtu mwenye hatia!

Basi nimemtegea. Nimeongeza kitu kipya: programu ikiita jina lolote, inapiga picha papo hapo na kuihifadhi. Kesho nitaziweka kwenye skrini kubwa, Kebaso aonekane amechutama kwenye majani ya watu na fremu kichwani. Nimecheka peke yangu hadi Dolphine akahamisha kiti chake. Ameniuliza kama sijaugua. Nimemwambia ajiandae.

Jumamosi, 19 Julai

Wacha niandike haraka, kabla sijaanza kulia.

Wakurugenzi walikuja, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Kebaso akaanza. Alionyesha jinsi ya kupanga magunia kwenye lori ili majani yasipate joto njiani. Wakapiga makofi. Makofi, kwa magunia!

Zamu yangu. Nikamwomba mwenyekiti, Bwana Kipkosgei, mtu mzito mwenye kofia ya ngozi, asimame mbele ya kamera waone jinsi inavyomkataa mgeni. Tochi ikawaka. "Karibu, arap Mosonik. Weka majani." Kofia ikashuka kichwani. Akauliza nani ameniambia jina la babake. Nikaeleza kwamba bila shaka nduguye alituma picha, na kwamba mtu na babake hufanana. Akasema yeye amefanana na mamake, na kila mtu aliye hapo anajua. Lakini hakuondoka mbele ya kamera. Alisema kitu kifupi kwa Kikipsigis, kwa sauti ya mtoto anayetumwa dukani.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na mtego wangu. Nikatangaza kwamba kuna mtu humu ndani anayehujumu kazi, na kamera imemnasa leo alfajiri. Nikaunganisha simu na skrini kubwa, nikamnyooshea Kebaso kidole.

Picha ya kwanza, ukungu. Ya pili, ukungu. Kebaso hayumo. Sasa, programu yangu ikiona uso huuzungushia kisanduku cha kijani. Na visanduku vilikuwepo. Kwenye ukungu mtupu, visanduku vimepangwa. Kimoja mlangoni, kingine nyuma yake, vingine vinazidi kuwa vidogo kuelekea kwenye michai. Vingine viko juu, usawa wa watu warefu, vingine chini, usawa wa bibi waliopinda mgongo. Nikabonyeza picha iliyofuata. Foleni ilikuwa imesogea.

Niliendelea kubonyeza kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Mkurugenzi mmoja akaanza kusali. Madam Molly akauliza Kebaso alikuwa wapi alfajiri. Akasema Sosiot, kwenye mkesha wa kwaya, na mkurugenzi yule yule aliyekuwa akisali akafungua jicho moja akathibitisha, maana walikuwa pamoja.

Wameniambia nizime. Wameniambia nirudishe ufunguo. Kazi ya kudumu wamempa Kebaso hapo hapo, na mwisho wa mwezi nyumba wanaitaka. Kebaso hakunicheka. Alinishika bega, akaniambia nijitunze. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani sikusikia neno. Dolphine amefunga godoro kwa kamba. Amesema tutarudi ziwani kwa wazazi wangu, watatupokea, na kwamba hana hasira. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote, kwamba hana hasira. Amesimama jikoni muda mrefu akitazama ile bustani yake ya sukuma wiki. Aliipanda mwenyewe, na sasa ndiyo inaanza kushika.

Nimemwomba Mungu anipe nafasi moja tu. Nimeahidi kutulia.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepewa! Nimepewa!

Madam Molly alinipigia simu nikiwa bado na mswaki mdomoni. Nilipofika kituoni niliwakuta wakulima wote na fremu zao, wamesimama mbele ya nguzo ambayo simu yangu ilikuwa imetolewa. Hawakuwa wakigomba. Walikuwa wameweka magunia chini wakangoja tu, na wazee wa suti wakiitazama nguzo. Kebaso alikuwa amejaribu kuwaita majina mwenyewe, kwa adabu, kwa Kikipsigis chake kizuri. Hakuna aliyesogea. Lori limesubiri mpaka majani yakaanza kunyauka kwenye magunia, na kiwandani mashine zinazunguka bila kitu ndani.

Kogo Esnah ndiye alikuwa mbele. Alimwambia Madam Molly kwamba mzee wake alifika mapema leo kama kawaida yake na hakufunguliwa, amerudi na majani yake, na yeye haoni kama hiyo ni heshima. Madam Molly alitazama ukungu, akanitazama mimi. Nyuma yake alikuwa Bwana Kipkosgei na fremu kubwa ya babake kwapani.

Nimeandikwa. Kazi ya kudumu! Kebaso ameomba mwenyewe aachiliwe aende kwa ushirika wa maziwa wa Soin, kule chini kwenye joto, ambako hakuna chai wala ukungu, akapime maziwa. Ameondoka na kitambaa chake. Nimempungia mkono kwa ukarimu.

Sharti ni moja tu, na Madam Molly amelirudia akinitazama machoni. Mashine ibaki ilivyo. Nisiiongezee kitu chochote tena, hata kiwe kidogo namna gani. Nikaapa kwa jina la mamangu.

Dolphine amefungua godoro. Amecheka, amelia, amenikumbatia mbele ya majirani, kisha akaenda kumwagilia sukuma yake wakati mvua inanyesha.

Jumanne, 22 Julai

Nimeongeza kitu kimoja.

Kidogo sana! Wakulima wenyewe watanishukuru. Jana majani yalinyauka, kweli au si kweli? Basi sasa programu inaweza kupiga simu. Lori likikaribia, inampigia kila mwenye namba na kumwambia, kwa sauti yangu ya kiaskofu, kwamba alete majani. Na sikuhitaji kuzunguka kwenye matope kuwauliza watu laini zao. Zilikuwa ofisini tayari, kila mwenye namba na simu aliyojiandikisha nayo. Nimezimwaga zote kwa mkupuo.

Nimejaribu leo alasiri, niko peke yangu bandani. Nyingi hazipatikani. Watu wa huku wanatupa laini ovyo, sijui kwa nini. Ya Chepyegon ikaita. Ikaita sana. Ikapokelewa.

Nilisikia tu majani yakichumwa, tk, tk, tk, karibu kabisa na simu, na pumzi za mtu aliyepanda mlima. Sikutaka kumchelewesha. Nikamwambia mizani iko tayari, aje tu kesho mapema, na wenzake awaambie. Mtandao wa huko chini kwenye mikaratusi ni mzuri kuliko wa hapa kwangu.